Mstaafu Hagomi

Mwalimu akikasirika huweka chaki chini. Dereva wa treni huzima injini, mpagazi wa bandarini hukunja mikono, na kabla jua halijazama mwajiri amekwishajua kwamba kuna jambo. Mstaafu akikasirika aweke nini chini? Hata akikaa nyumbani mwezi mzima, hakuna darasa litakalokosa mwalimu wala meli itakayochelewa kupakuliwa. Atakayekosa ni yeye mwenyewe. Ndiyo maana naona kwamba umoja wowote wa wastaafu, kabla ya kuandika katiba na kupanga kiingilio, una swali moja la kujibu: sisi tusioweza kugoma, nguvu yetu iko wapi?

Nimelizungusha swali hili kichwani tangu nilipostaafu ualimu hapa Morogoro na kujiunga na umoja wa wastaafu wa wilaya yetu. Wengi wetu tulikuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi tangu mwezi wa kwanza wa ajira hadi wa mwisho. Ada ilikatwa kwenye mshahara bila kuulizwa, na katibu wa tawi alitujua kwa majina. Siku ya kuagwa tulipewa mabati, tukala pilau, tukapigwa picha. Makato yakakoma, na jina likatoka kwenye orodha. Hakuna aliyetufukuza, utaratibu tu haukuwa na mahali pa kutuweka.

Katika umoja wetu yupo mzee mmoja wa reli, na yeye ndiye aliyenifungua macho. Reli ya Tanganyika ina historia ya migomo isiyo ya mchezo. Mwaka 1960, chini ya Christopher Kasanga Tumbo, wafanyakazi wa reli waligoma kwa siku 82, na nchi nzima ikaona maana ya treni kusimama. Halafu ikaja mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na watumishi wake wa reli, bandari, posta na ndege wakabaki na haki zao zikining'inia kati ya nchi tatu. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini Arusha mwaka 1984, nao ukaiachia kila nchi jukumu la kuwalipa watu wake. Hapa kwetu wastaafu walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2003, na makubaliano ya kuwalipa yakafikiwa Septemba 2005. Hata baada ya hapo mabishano juu ya nani amelipwa, nani hajalipwa na nani kapunjwa yaliendelea kwa miaka, na wakazi wa Dar es Salaam wanakumbuka wazee waliokaa katikati ya barabara kudai chao.

Siku 82 kwa waliokuwa kazini. Miaka 28 kwa waliokwisha kutoka, na hapo ni kufikia makubaliano tu. Nikamwuliza mzee wa reli kama hawakukata tamaa. Akacheka. "Mwalimu," akaniambia, "faili halifi. Anayekufa ni mtu. Sasa kazi yenu ninyi mliobaki ni kuhakikisha faili halizikwi pamoja naye."

Hilo ndilo somo la kwanza, na si somo la mahakama za Tanzania peke yake. Walimu wa Kenya waligoma mwaka 1997 na kupata mkataba wa nyongeza kubwa ya mishahara, uliotakiwa kutekelezwa kwa awamu. Awamu ya kwanza ikalipwa, nyingine zikakwama. Waliostaafu miaka iliyofuata wakakokotolewa pensheni kwa mshahara wa zamani, kana kwamba mkataba haukuwahi kuwapo. Walikwenda mahakamani Nakuru, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ikawapa haki. Kushinda ni jambo moja na kulipwa ni jingine. Wengi walizikwa wakiwa bado wanadai. Lakini waliweza kuingia mahakamani kwa sababu walikuwa na mkataba ulioandikwa, barua za ajira na hati za mishahara. Mfanyakazi hutegemea nguvu ya kusimamisha kazi. Mstaafu hutegemea uwezo wa kuthibitisha.

Kwa hiyo umoja wetu, ambao watu wa nje hudhani ni wa kunywa chai na kuzikana, kazi yake kubwa ni karatasi. Jumamosi ya mkutano kila mwanachama mpya huja na bahasha yake: barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya kupandishwa daraja ya mwisho, hati za mshahara, kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa. Tunazisoma mbele ya watu wawili, tunatoa nakala, nakala moja inabaki kwenye kabati la umoja. Utashangaa yanayojitokeza. Mtu aliajiriwa akiwa Mohamedi, kitambulisho kinasema Muhammad, benki inamjua kwa jina la babu. Mwingine tarehe yake ya kuzaliwa imebadilika mara mbili bila yeye kuzaliwa upya. Mwingine alipandishwa daraja kwa barua, mshahara haukuwahi kuifuata barua hiyo, na pensheni ikakokotolewa kwa mshahara ule wa chini. Ukiligundua hilo ukiwa na miaka 57, ni barua mbili na kiapo kimoja kwa hakimu. Ukiligundua ukiwa na miaka 61, ni nauli ya kwenda na kurudi isiyokwisha.

Na karatasi siku hizi zimehamia kwenye simu. Mstaafu hutakiwa kila baada ya muda kuthibitisha kwamba yu hai. Zamani ilikuwa kupanga foleni. Sasa unaweza kujihakiki kwa simu janja. Ni nafuu kubwa kwa aliyenayo na anayejua kuitumia. Lakini vidole vilivyoshika jembe na chaki maisha yote huwa vimesuguka, mashine haivisomi, na macho yenye mtoto wa jicho hayaoni pa kubonyeza. Tumewachukua vijana wawili, wajukuu wa wanachama, nao hukaa pembeni ya mkutano wakiwasaidia wazee. Hawalipwi mshahara; wanapewa nauli na chakula, na heshima ambayo sijaona kijana akiidharau.

Somo la pili nililipata kwenye afya. Tulipoanza tulidhani shida ni hospitali, na kwa kiasi fulani ni kweli. Mtumishi wa umma aliyechangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya huendelea na kadi yeye na mwenza wake baada ya kustaafu, na hilo ni jambo la kushukuru, maana wazee wengi wa nchi hii hawana hata hiyo. Lakini kadi hailipi bodaboda ya kukufikisha kituoni. Kadi haikukumbushi kumeza kidonge cha presha siku ambayo hujisikii mgonjwa. Na Machi 2024, kitita kipya cha mafao kilipoanza kutumika na baadhi ya hospitali binafsi zikasitisha huduma kwa wenye kadi, tuliona jinsi mzee aliyezoea daktari mmoja anavyoweza kuachwa mlangoni kwa ugomvi usiomhusu. Siku zile simu za umoja zilikuwa na kazi: nani anahitaji dawa wiki hii, kituo gani cha serikali kinayo, nani ana gari.

Ndani ya umoja tuna muuguzi mstaafu ambaye kila mtu humwita Sista. Huja na mashine yake ya kupimia presha na kipimo cha sukari, na kabla mkutano haujafunguliwa, kila mmoja hupita mezani kwake. Namba zinaandikwa kwenye daftari la mwanachama mwenyewe. Sista hatibu, yeye huangalia mwelekeo. Presha ikipanda mikutano miwili mfululizo, mtu anapangiwa mwenzake wa kumsindikiza hospitali, kwa sababu mzee akienda peke yake huambiwa maelekezo, huitikia "sawa mwanangu", na akifika nyumbani hakumbuki ni kidonge kipi cha asubuhi na kipi cha usiku. Akienda na mwenzake wanakumbushana. Huo ndio msaada wa afya wenye gharama ndogo kuliko yote ninayoijua, na hauandikwi kwenye kitita chochote.

Lakini jambo lililonifundisha zaidi ni mahudhurio. Katibu wetu huita majina kama shuleni. Wengine mwanzoni waliona ni utoto. Kumbe mzee asiyeonekana mara mbili huwa na sababu: ameanguka bafuni, anauguza, ameibiwa, ama ameamua kwamba hana umuhimu tena. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya, maana haina dalili ya kupimwa kwa mashine. Mtu aliyeitwa "mwalimu mkuu" miaka ishirini anaamka siku moja na hakuna anayemwuliza chochote. Kwa hiyo asiyeonekana anafuatwa, na wanaomfuata hawaendi na hotuba. Wanakwenda na sukari na sabuni, na kazi ya kumpa: Mama, tunahitaji mtu wa kukagua hesabu za mfuko. Nimeona watu wakinyanyuka kitandani kwa sababu ya kupewa kazi.

Sasa pesa. Hapa huwa nazungumza kwa sauti ya juu kidogo, kwa sababu ndipo tunapoumizwa zaidi, na wanaotuumiza wanajua tarehe zetu. Kiinua mgongo kikikaribia, simu huanza kulia. Mtu mwenye sauti ya ofisini anakutaja jina, anataja shule yako ya mwisho, anasema mafao yako yamekwama na yanahitaji "kufunguliwa" kwa kiasi fulani cha fedha. Kanuni yetu ni moja: hakuna kutuma hata senti kabla ya kumpigia katibu. Tapeli humtaka mtu aliye peke yake, mwenye haraka na mwenye siri. Ukimwambia "subiri niwaulize wenzangu", mara nyingi yeye ndiye anayekata simu.

Kisha kuna miradi. Kila mtaa una mstaafu aliyenunua daladala na akabaki na mabaki yake juu ya mawe, au aliyefuga kuku wa nyama ambao walikufa usiku mmoja. Tunashauriana hivi: mwaka wa kwanza usianzishe biashara ambayo hukuifanya ulipokuwa kazini. Maliza nyumba, lipa madeni, weka kando fedha ya ugonjwa, na kinachobaki kikae mahali ambapo watoto wako hawawezi kukiazima kwa maneno matamu. Anayetaka mradi aulete mkutanoni, aliyewahi kuufanya aseme ulimtendaje. Hatuna mamlaka ya kumzuia mtu. Tunampa tu nafasi ya kusikia kabla ya kutoa fedha.

Na kuna mikopo ya kausha damu. Mkopeshaji huchukua kadi ya benki ya mzee pamoja na namba ya siri, kila mwezi anakuwa wa kwanza kwenye mashine, na anamwachia mwenye pensheni kiasi cha kununua unga. Mfuko wetu wa kusaidiana ulianza kwa misiba, kama mifuko mingi. Baadaye tukakubaliana kwamba kumkomboa aliye hai nako ni kazi ya mfuko: tunalipa deni, kadi inarudi mkononi mwa mwenyewe, naye anarejesha kidogokidogo kwa riba ambayo haimnyimi chakula. Wapo waliopinga, wakisema fedha ya sanda isichezewe. Hoja yao ilikuwa na uzito, kwa hiyo tukatenganisha mifuko miwili, kila mmoja na daftari lake. Ugomvi ukaisha kwa hesabu.

Hayo yote ni kujisaidia. Kujisaidia kuna ukomo, na kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, ndicho kilichotuonyesha ukomo huo uko wapi. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, na kanuni mpya zikaja na malipo ya mkupuo ya asilimia 25 badala ya asilimia 50 waliyozoea wanachama wa PSPF na LAPF. Tarehe 28 Desemba mwaka huo, Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa mifuko, akasimamisha kanuni hizo ili utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Baadaye, kuanzia Julai 2022, ukaja mkupuo wa asilimia 33 kwa wote. Kelele hazikwisha, na bajeti ya Juni 2024 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa na 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa na 25.

Nilizoea kufundisha hesabu, basi nivumilie kidogo. Chukua mtumishi aliyefanya kazi miezi 360, wastani wa mishahara yake bora ukiwa shilingi milioni 1 kwa mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya 1/540 ya mshahara wa mwaka kwa kila mwezi wa kazi, mkupuo wa asilimia 50 na kizidishio cha 15.5, angepata shilingi milioni 62 siku ya kuondoka na kama shilingi 333,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya 2022 ya 1/580, asilimia 33 na kizidishio cha 12.5, mkupuo unashuka hadi takribani milioni 30.7, na pensheni ya mwezi inapanda hadi kama 416,000. Kwa asilimia 40 ya mwaka 2024, mkupuo ni kama milioni 37.2 na mwezi kama 372,000. Serikali ilisema mifuko lazima idumu na mzee apate cha kutosha kila mwezi, na hoja ya mifuko kudumu si ya kupuuzwa. Lakini gawanya ule upungufu wa mkupuo wa 2022 kwa ile nyongeza ya mwezi: utahitaji zaidi ya miaka 31 kuufidia. Anayestaafu na miaka 60 afikishe 91.

Sasa tazama ni nani waliofanya kanuni za 2018 zisimamishwe. Ni vyama vya wafanyakazi, vyenye watu walio kazini, ambao serikali inawahitaji kesho asubuhi. Mstaafu alichotoa ni mfano wa mwili na damu: huyu hapa, hiki ndicho alichopata, haya ndiyo maisha yake. Mtumishi wa miaka thelathini hawezi kuona kikokotoo mpaka aone mtu aliyekokotolewa. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Nguvu ya mstaafu haiko kwa wastaafu wenzake peke yao. Iko kwa walio kazini, na kazi yake ni kuwafanya waione mapema dhuluma ambayo wao wangeiona wakiwa wamechelewa.

Jack Jones wa Uingereza alilielewa hilo vizuri. Alikuwa katibu mkuu wa chama kikubwa cha wafanyakazi wa usafirishaji, akastaafu 1978, na mwaka uliofuata akawa mstari wa mbele kuunda umoja wa kitaifa wa wastaafu akishirikiana na vyama vya wafanyakazi. Serikali ya Margaret Thatcher ilipoacha mwaka 1980 kuipandisha pensheni kulingana na mishahara, wazee hao walidai utaratibu urudi, mwaka baada ya mwaka. Jones alifariki 2009 akiwa na miaka 96. Mwaka uliofuata serikali mpya ikatangaza kwamba pensheni itarudi kufuatana na mishahara. Hakuuona ushindi. Ila hakuudai kwa ajili ya wanachama wa chama chake tu. Aliudai kwa kila mzee mwenye pensheni ya serikali, na nadhani ndiyo sababu dai lilidumu kuliko maisha yake.

Jambo hilo linatugusa sisi pabaya. Mwenye pensheni katika nchi hii ni mtu wa bahati. Jirani yangu alilima miaka yote, mwingine aliuza samaki sokoni, na wote wawili wamelisha watoto niliowafundisha. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Bara hatujafika hapo. Umoja wa wastaafu ukidai mambo yake tu, utasikilizwa kwa adabu na kusahaulika, kwa sababu wengi watauona ni umoja wa waliokwisha kupata. Ukidai dirisha la wazee hospitalini lifanye kazi kwa kila mzee, dawa ziwepo kwa mwenye kadi na asiye na kadi, ndipo mtaa mzima unakuwa nyuma yako. Sisi tumeanza kidogo: siku za Sista, meza ya vipimo iko wazi kwa mzee yeyote wa mtaa, na barua tunayoiandikia halmashauri haianzi tena na "sisi wastaafu" bali "sisi wazee wa kata hii".

Kwako uliye kazini bado, nina maombi matatu. Wiki hii tafuta barua yako ya ajira ya kwanza. Kama huioni, hilo ndilo deni lako la kwanza kulilipa. Mwezi huu mtembelee mstaafu wa kada yako, mwombe akuonyeshe hesabu zake bila aibu, naye hatakuficha. Na kwenye mkutano ujao wa tawi la chama chako, simama udai kwamba katiba impe mstaafu kiti na sauti, hata kama ada yake ni ndogo. Usidai kwa kutuhurumia. Dai kwa sababu kiti hicho ni chako. Sisi tunakikalia tu kwa muda.